Abate Suger, Aliyeipanua Nyumba ya Mungu



Tumezoea kusoma habari za watakatifu, yaani wale ambao Kanisa limetuamuru kuwaheshimu altareni. Leo tutasoma habari za mtu ambaye Kanisa halikumwandika katika hesabu ya watakatifu. Alikuwa mtu wa kazi, mwenye sifa zake na mwenye makosa yake. Lakini jambo moja alilifanya vema kupita wengi: alipoona kwamba nyumba ya Mungu imekuwa ndogo, na watu wanaumia mlangoni, hakusema kwamba watu wapunguzwe. Alisema kwamba nyumba ipanuliwe. Jina lake ni Suger, Abate wa monasteri ya Saint-Denis katika nchi ya Ufaransa. Alikufa zamani sana, mwaka 1151, lakini kazi yake ingali yaonekana kwa macho.

1. Mtoto aliyetolewa kwa Mungu

Suger alizaliwa karibu na mwaka 1081. Wazazi wake hawakuwa watu wakubwa. Alipokuwa na umri wa miaka 10 hivi, baba yake alimpeleka kwa watawa wa Mtakatifu Benedikto huko Saint-Denis, karibu na mji wa Paris, akamtoa kwa Mungu mbele ya altare. Desturi hiyo ilikuwako siku zile. Toka siku ile monasteri ilikuwa nyumba yake, na watawa wakawa baba zake na ndugu zake. Baadaye, alipokuwa mzee, alipenda kusema kwamba monasteri ilikuwa mama yake, iliyomlea tangu utoto hata uzee.

Katika shule ya watawa alisoma Kilatini, Maandiko Matakatifu na hesabu. Katika monasteri hiyo alisomeshwa pia mwana wa mfalme, ambaye baadaye akawa Mfalme Louis wa VI. Urafiki wa Suger na mfalme huyo ulidumu mpaka mfalme alipokufa mwaka 1137.

Suger alikuwa mfupi wa kimo na mwembamba wa mwili, lakini akili yake ilikuwa nyepesi na ukumbusho wake mkubwa. Kwa hiyo wakubwa wake walimtuma kusimamia mashamba ya monasteri, kwanza huko Berneval karibu na bahari, halafu huko Toury. Toury palikuwa mahali pa taabu. Bwana wa ngome ya Le Puiset, jirani yao, alikuwa mnyang'anyi: alichukua mazao ya wakulima na kuwaonea maskini. Suger alikwenda kwa mfalme kuwaombea, na mwaka 1111 mfalme akaishambulia ngome ile na kuiteketeza. Wakulima wakarudi kulima. Huko mashambani Suger alijifunza mambo ambayo hayakuandikwa katika vitabu vya shule: kuhesabu mali, kusema na watu wa kila namna, na kulitazama jambo kwa macho yake mwenyewe.

2. Anachaguliwa kuwa Abate

Mwaka 1122 Suger alikuwa safarini Italia, ametumwa na mfalme kwa Baba Mtakatifu Kalisto wa II. Alipokuwa akirudi, alikutana na mjumbe njiani. Mjumbe akamwambia kwamba Abate Adam amekufa, na ya kuwa watawa wamemchagua yeye Suger kushika mahali pake. Habari ile ilikuwa na utamu na uchungu pamoja, maana watawa walimchagua bila kumwuliza mfalme kwanza. Mfalme alikasirika, akawafunga baadhi ya waliompelekea habari. Suger alihuzunika sana kwa ajili yao. Lakini hasira ya mfalme ikapoa, wafungwa wakafunguliwa, na Suger akapokelewa kwa furaha. Ndipo alipopewa upadri, na kesho yake akabarikiwa kuwa Abate. Alikuwa na miaka 40 na kitu.

Mtu angedhani kwamba Abate mpya ataanza mara moja kujenga. Sivyo. Monasteri ya siku zile ilikuwa na ghasia nyingi: askari, wafanya biashara na watu wenye mashauri walikuwa wakiingia na kutoka, na sala zililegea. Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux alilaumu hali hiyo waziwazi. Suger alisikia lawama, akakubali. Mwaka 1127 alianza kurudisha kanuni ya watawa mahali pake, akianza na mwenendo wake mwenyewe, na Mtakatifu Bernardo akamwandikia barua ya kumfurahia. Basi tuone utaratibu wake: kabla ya kutengeneza kuta, alitengeneza roho.

3. Kanisa limekuwa dogo

Kanisa la Saint-Denis lilijengwa juu ya kaburi la Mtakatifu Dionisi, ambaye Wafaransa humwita Denis. Yeye ndiye aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Paris, akauawa kwa ajili ya dini pamoja na wenzake Rustiko na Eleuteri. Kanisa ambalo Suger alilikuta lilikuwa limetabarukiwa mwaka 775, mbele ya Mfalme Karolo Mkuu. Kwa watu wa wakati ule lilikuwa kubwa. Lakini miaka zaidi ya 300 ilikuwa imepita, na watu walikuwa wameongezeka.

Katika sikukuu, hasa sikukuu ya Mtakatifu Dionisi tarehe 9 Oktoba, na wakati wa soko kubwa la mwezi wa Juni, mahujaji walikuja kutoka kila upande kuheshimu masalia ya Mateso ya Bwana wetu Yezu Kristo yaliyotunzwa pale. Milango ilikuwa miembamba. Waliotaka kuingia waliwasukuma waliotaka kutoka, na waliotaka kutoka hawakuweza kupita. Suger mwenyewe ameandika jinsi ilivyokuwa. Mtu aliyekwisha kuingia hakuweza hata kuinua mguu; alisimama kama sanamu. Wanawake walibanwa kama zabibu katika shinikizo, wakalia kwa sauti ya wenye kuzaa. Wengine waliinuliwa na wanaume wenye huruma, wakapita juu ya vichwa vya watu kama wapitao juu ya sakafu. Wengine walitolewa uani karibu kufa. Na watawa waliokuwa wakionyesha masalia, walipozidiwa na msongamano, mara kwa mara walikimbia na masalia yao kwa kupitia madirishani.

Suger aliyajua mambo hayo tangu alipokuwa mtoto wa shule. Moyoni mwake alitamani siku moja ayarekebishe. Yalipita miaka mingi kabla hajapata nafasi, lakini hakusahau.

4. Mali ya kujengea

Kazi kubwa hutaka mali, na mali haianguki toka mbinguni. Suger alianza kwa kuyaweka mashamba ya monasteri sawasawa. Mashamba yaliyoachwa yakalimwa tena, mipaka iliyofutika ikapimwa tena, na wasimamizi wezi wakaondolewa. Huko Toury peke yake, mapato yaliyokuwa livre 20 kwa mwaka yalifika livre 80. Livre ilikuwa hesabu ya fedha ya Wafaransa wakati ule.

Mwaka 1125 alifanya jambo lingine la kukumbukwa. Wenyeji wa mji wa Saint-Denis walikuwa wamefungwa na sheria ngumu iliyowazuia kuwarithisha watoto wao mali zao kwa uhuru. Suger akawaondolea kongwa hilo. Nao walitoa livre 200, zitumike kutengeneza mlango wa kanisa. Hivyo wale waliosongamana mlangoni walishiriki wenyewe katika kuupanua.

Baadaye kazi ilipokuwa ikiendelea, Suger aliagiza kwamba livre 200 zitengwe kila mwaka kwa ajili ya ujenzi: 150 kutoka katika matoleo ya sikukuu, na 50 kutoka katika shamba moja la monasteri. Hakutaka kazi ianze kwa shangwe na kusimama kwa aibu. Tunakumbuka mfano wa Bwana wetu katika Injili, juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: sharti kwanza aketi na kuhesabu gharama.

5. Kazi ya mlango

Hata hivyo Suger hakuibomoa nyumba yote kwa siku moja. Kwanza aliita mafundi watengeneze kuta za zamani zilizokuwa zikipasuka, wazipake rangi nzuri. Halafu, karibu na mwaka 1135, alianza upande wa magharibi, ndio upande wa mlango. Kwa nini alianza hapo? Kwa sababu hapo ndipo watu walipoumia.

Alibomoa ukumbi mdogo uliokuwa mbele, akajenga mahali pake sehemu mpya yenye minara na milango mitatu mipana, mmoja katikati na miwili kando. Juu ya mlango wa katikati mafundi walichonga katika jiwe Hukumu ya mwisho, Kristo ameketi, wafu wanafufuka. Milango yenyewe ilikuwa ya shaba iliyopakwa dhahabu, na juu yake yalionyeshwa Mateso, Ufufuko na Kupaa kwa Bwana. Watu wengi wa siku zile hawakujua kusoma. Mlango uliwafundisha kabla hawajaingia. Katika mlango mmoja wa kando Suger alirudisha mlango wa zamani uliotoka katika kanisa la kwanza. Hakuona haya kuweka kitu cha wazee kando ya kitu kipya. Tarehe 9 Juni 1140, Askofu Mkuu wa Rouen pamoja na maaskofu wengine walizitabaruku sehemu hizo mpya.

6. Nguzo na boriti

Tusidhani kwamba vifaa vilipatikana kwa urahisi. Suger alihitaji nguzo zinazofanana na nguzo za kanisa la zamani, ili upya usigombane na uzee. Alifikiri kuagiza nguzo za marumaru kutoka Roma, alizokwisha kuziona huko katika majengo ya kale. Zingepita baharini, zikazunguka hata bahari ya Uingereza, halafu zikapandishwa kwa mto Seine. Gharama yake ingekuwa kubwa mno, na hatari nyingi. Alipokuwa bado katika mawazo hayo, ghafula yalionekana machimbo ya mawe mazuri karibu na Pontoise, si mbali na Saint-Denis. Kitu alichotaka kukitafuta ng'ambo ya bahari kilikuwa karibu na nyumba yake.

Mawe yalitolewa shimoni kwa kamba. Watu wa nchi, wakubwa kwa wadogo, walijifunga kamba mikononi na vifuani kama wanyama wa kukokota, wakavuta nguzo hata juu. Suger amesimulia kwamba siku moja mvua kubwa ilinyesha, na wavutaji wa kila siku wakakimbia. Waliobaki walikuwa watu dhaifu na watoto, jumla 17, pamoja na padri mmoja. Wenye magari ya ng'ombe walinung'unika kwamba wanapoteza siku. Basi wale 17 wakamwomba Mungu na Mtakatifu Dionisi, wakashika kamba, na jiwe ambalo kwa kawaida lilitaka watu 100 au 140, wakalitoa shimoni.

Baada ya mawe zilitakiwa boriti ndefu za kuezekea. Suger aliwauliza maseremala wa kwake na wa Paris. Wote walimjibu kwamba miti ya namna ile haipatikani katika sehemu zile, ni lazima itoke mbali, upande wa Auxerre. Usiku mmoja, baada ya sala ya usiku, alilala kitandani lakini usingizi haukuja. Akawaza kwamba afadhali aende mwenyewe kutazama katika misitu yote ya jirani. Asubuhi na mapema aliacha shughuli nyingine zote, akachukua maseremala wake na vipimo vya boriti, akaenda katika msitu wa Iveline. Walinzi wa msitu walipoulizwa walicheka, maana walijua kwamba bwana wa nchi ile alikwisha kuikata miti mikubwa kwa kujengea ngome zake za vita. Lakini Suger hakurudi. Aliingia vichakani na kwenye miiba, akatafuta mti hata mti. Baada ya saa moja hivi ulipatikana mmoja. Kabla ya alasiri kuisha ilipatikana 12, na hiyo ndiyo hesabu waliyoihitaji. Hata mmoja zaidi haukuonekana.

Suger aliyahesabu mambo hayo kuwa msaada wa Mungu, nasi hatukatai. Lakini tuangalie pia kwamba msaada ulimkuta msituni, ameshika kipimo mkononi.

7. Altare na mwanga

Mlango ulipokwisha, Suger aligeukia upande wa mashariki, ndio upande wa altare. Tarehe 14 Julai 1140 palifanywa maandamano makubwa na masalia matakatifu, na Mfalme Louis wa VII akashuka mwenyewe katika msingi kulitia jiwe lake.

Hapa ilibidi mafundi watumie akili nyingi. Chini ya altare ya zamani palikuwa na kanisa dogo la chini ya ardhi lenye makaburi ya mashahidi. Suger hakutaka liharibiwe. Basi walilizungushia kuta mpya, na juu ya hizo wakajenga sehemu mpya ya altare, iliyo juu kuliko ile ya kwanza, ili watu wote waweze kuyaona masalia bila kusukumana. Kwa vyombo vya hesabu walipima kwa uangalifu, katikati ya jengo jipya iangukie sawasawa katikati ya jengo la zamani, na njia za kando za mapya ziwe na upana unaopatana na zile za zamani. Bila kupima hivyo, kanisa lingekuwa kama vazi lililoshonwa kiraka kilichopinda.

Nyuma ya altare walifanya njia ya kuzunguka, yenye vikanisa vidogo mfululizo ukingoni. Hivyo mahujaji waliweza kuingia upande mmoja, kuzunguka, kusali na kutokea upande mwingine. Msongamano ulipata njia. Nguzo 12 ziliwekwa katikati kwa ukumbusho wa Mitume 12, na nyingine 12 katika njia za kando kwa ukumbusho wa Manabii.

Tena mafundi wa Saint-Denis walifanya jambo lililobadilisha ujenzi wa makanisa katika Ulaya nzima. Makanisa mengi ya zamani yalikuwa na kuta nene na madirisha madogo, kwa kuwa dari nzito ya mawe ilibebwa na ukuta wote. Mafundi wa Suger walitumia matao yenye ncha juu, na mbavu za mawe zilizoubeba uzito wa dari na kuushusha juu ya nguzo. Sisi wa vijijini twaweza kulifahamu jambo hilo kwa upesi. Katika nyumba ya miti na udongo, ni miti ibebayo paa. Udongo hujaza nafasi tu. Ukitaka kutoboa dirisha kati ya mti na mti, nyumba haianguki. Ndivyo ilivyokuwa pale: nguzo zilipobeba uzito, ukuta uliachiwa nafasi ya madirisha makubwa. Wakatia humo vioo vya rangi vyenye picha za Musa, za ukoo wa Yese, na za utoto wa Yezu. Mwanga wa jua ulipita katika picha hizo, ukajaa kanisani. Suger aliamini kwamba mwanga huo wa macho huinua roho hata Mwanga wa kweli, ndiye Kristo.

Katika dirisha mojawapo mafundi walimchora Suger mwenyewe, mdogo, ameanguka kifudifudi miguuni pa Bikira Maria. Na katika sehemu nyingi za kanisa aliagiza jina lake liandikwe. Wengine wamemlaumu kwa hayo, wakisema alipenda sifa. Lawama hiyo ina haki yake, hasa tukikumbuka kwamba jina la fundi mkuu aliyepima na kujenga halikuandikwa hata mara moja katika vitabu vya Suger. Mungu analijua.

8. Upepo mkali

Wakati kazi ilipokuwa katikati, palitokea hatari kubwa. Matao mapya yalikuwa yamesimama peke yake, hayajaunganishwa na dari wala hayajaegemea kitu. Siku moja ya mwezi wa Januari Askofu Geoffrey wa Chartres alikuwa akisoma Misa kwenye altare kuu kwa kuiombea roho ya Mfalme Dagobert. Upepo wa tufani ukavuma, mvua ikapiga, nyumba nyingi na minara ya mawe katika nchi ikaanguka. Matao yakaonekana yakitikisika huku na huku kana kwamba yataanguka sasa hivi. Askofu aliogopa, lakini hakuiacha Misa. Aliinua mkono wake kuyabariki, akayaelekezea masalia ya mzee Simeoni, akafanya ishara ya Msalaba mara nyingi. Matao yakasimama. Penye majengo imara palibomoka, na pale palipokuwa dhaifu hapakuanguka jiwe.

9. Siku ya kutabaruku

Sehemu ya altare ilimalizika katika miaka 3 na miezi 3. Tarehe 11 Juni 1144 ililetwa siku ya kulitabaruku. Walikuja mfalme, malkia Eleonora, maaskofu wakuu na maaskofu wengi, pamoja na watu wasiohesabika. Altare 20 zilitabarukiwa siku hiyo. Mfalme mwenyewe alisaidia kulibeba sanduku la fedha lenye masalia ya Mtakatifu Dionisi. Na msongamano ulikuwa mkubwa hata mfalme na watumishi wake wakashika fimbo, wakawazuia watu ili maaskofu wapate njia.

Kwa hiyo siku ile ya furaha ilionyesha pia kwamba kazi haijaisha. Mlango ulikuwa mpana na altare ilikuwa angavu, lakini katikati palibaki kanisa la zamani, jembamba na lenye giza. Watu wa nyakati zile walisadiki kwamba Kristo mwenyewe aliwahi kuzibariki kuta zile, na Suger aliogopa kuzigusa bila heshima. Alianza kuzishughulikia, ili mwanzo na mwisho wa kanisa viunganishwe na katikati iliyo mpya, lakini hakufika mwisho.

10. Mzigo wa mwisho

Mwaka 1147 Mfalme Louis wa VII alikwenda vitani katika nchi takatifu. Wakubwa wa Ufaransa walimchagua Suger aulinde ufalme. Mtawa yule mfupi, mwenye umri wa zaidi ya miaka 60, alihukumu mashauri, akazuia waasi, akampelekea mfalme fedha, hata mfalme aliporudi mwaka 1149 akaikuta nchi katika amani. Watu wakamwita Baba wa Nchi.

Pamoja na ukubwa wote huo, Suger alikaa katika chumba kidogo kando ya kanisa, chenye upana wa futi 10 na urefu wa futi 15 tu. Abate Petro wa Cluny alipokuja kutazama majengo, alikiona chumba hicho akasikitika, akisema ya kuwa Suger anawahukumu wote, maana hajengi kwa ajili yake bali kwa ajili ya Mungu.

Suger alikufa tarehe 13 Januari 1151, akiwa na umri wa miaka 70 hivi, watawa wake wakimzunguka. Sehemu ya katikati ya kanisa ilikaa bila kujengwa miaka 80. Mwaka 1231 watawa wengine walianza kuijenga, na mwaka 1281 wakaimaliza. Waliyabadilisha yale ya juu penye altare, lakini waliuacha mlango wa Suger, na njia ya kuzunguka altare, na kanisa la chini. Waliomfuata walifanya kwake kama yeye alivyofanya kwa waliomtangulia. Mwaka 1966 kanisa hilo lilifanywa kuwa kanisa kuu la jimbo jipya la Saint-Denis.

11. Mafundisho kwetu

Wakatekumeni wapenzi, ni ninyi mnaolifanya kanisa liwe dogo. Msione haya kwa hilo. Katika kijiji ambamo kikanisa cha matofali kilijengwa kwa watu 50, na sasa watu 200 wanasimama nje ya madirisha, hakuna aliyekosa. Mungu ameongeza watoto wake. Lakini nyumba ikizidiwa, kila mtu wa nyumba anaitwa kushika kamba.

Tukitaka kupanua, tufuate utaratibu wa Abate Suger. Tuanze na sala na mwenendo wetu, maana kanisa kubwa lenye watu wagomvi halimpendezi Mungu. Tuhesabu mali kabla ya kuchimba msingi. Tutazame kwanza mahali ambapo watu wanaumia: mlango, njia, au mahali pa wazee na wajawazito kuketi. Tupime mapya yapatane na ya zamani. Tutafute mawe na miti karibu nasi kabla ya kuagiza mbali, na tukiambiwa kwamba hakuna, twende tukatazame wenyewe. Tuheshimu kazi ya wale waliotutangulia, nasi tuwakumbuke kwa jina mafundi wetu, ambao mara nyingi husahauliwa.

Na kama hatutaimaliza kazi katika siku zetu, tusikate tamaa. Suger alijenga mwanzo na mwisho, akafa katikati haijajengwa. Waliomalizia hawakuwa wamezaliwa bado siku alipozikwa. Yawezekana wao ni watoto watakaobatizwa pamoja nanyi, au watoto wa watoto wao.

Maswali ya kujibizana baada ya kusoma

Kwa nini Suger alianza kazi yake upande wa mlango?
Wenyeji wa mji wa Saint-Denis walisaidia namna gani, nao walipata nini?
Suger alifanya nini maseremala walipomwambia kwamba boriti hazipatikani?
Katika kikanisa chetu, ni mahali gani ambapo watu wanataabika, nasi twaweza kufanya nini mwaka huu?